Mashindano ya sauti za magari: Gari lipi lipambane na lipi?

GARI dogo aina ya Vitz lenye sabufa moja ya inchi 12 likisimamishwa kando ya basi dogo aina ya Coaster lenye sabufa nane za ukubwa huohuo, watazamaji wengi wataipa Coaster ushindi kabla redio haijawashwa. Hesabu haikubaliani nao kirahisi hivyo.

Sabufa nane zikigawana umeme uleule uliokuwa ukiendesha sabufa moja, sauti katika chumba kilekile hupanda kwa takriban desibeli 9. Umeme ukiongezwa mara mbili, zinapatikana desibeli 3 nyingine, jumla 12. Lakini Coaster si chumba kilekile. Tukichukulia kwamba nafasi yake ya ndani ni mara nne ya ile ya Vitz, msukumo wa besi nzito kabisa hushuka kwa hadi desibeli 12, kwa kuwa hewa inayopaswa kusukumwa ni nyingi zaidi. Matokeo, kinadharia, ni sare.

Mfano huu unaonyesha ugumu unaomkabili yeyote anayetaka kuandaa mashindano ya sauti za magari katika mji kama Tabora. Mwandaaji asiye makini hupanga washiriki kwa kile macho yanachokiona, yaani ukubwa wa gari, jina lake au idadi ya spika, kisha hushangaa nusu ya washiriki wanapoondoka uwanjani wakinung'unika.

Kushindana kwa sauti si jambo geni katika mji huo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo kuelekea Ujiji, iliongozwa na kirangozi, na mlio wa ngoma na wa baragumu la pembe ya tandala ulijulisha watu kwamba msafara unakaribia. Msafara uliotaka heshima uliingia mjini kwa kufyatua bunduki. Baadaye sana, Tabora hiyohiyo ikawa mji wa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, bendi ambazo mashabiki wake hawakuwa na subira na sifa za bendi nyingine. Siku hizi, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, zipo gari za matangazo zenye honi juu ya paa, Bajaji zenye spika nyuma ya kiti cha abiria, na magari ya vijana yenye kile wanachokiita muziki mnene.

Mzigo wa mpagazi

Misafara hiyo ina funzo jingine. Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikadiriwa kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16, na frasila mbili zilikuwa karibu na kikomo cha kawaida cha mtu mmoja. Kilichopimwa ni uzito, si ukubwa wa furushi. Furushi la shanga au la waya wa shaba laweza kuwa dogo kuliko robota la nguo na bado likamshinda mbebaji. Tajiri aliyezidisha mizigo alijiweka katika hatari ya kugomewa, au kuamka asubuhi na kukuta wapagazi wametoroka.

Katika mashindano ya sauti, swali ni hilohilo: ni kitu gani hasa kinacholeta ushindi, na kinaweza kuwekwa kwenye mizani mbele ya wote?

Mchezo wenyewe ulikua nchini Marekani katika miaka ya 1980 na 1990. Miongoni mwa vyama vilivyoupa kanuni ni IASCA na, baadaye, dB Drag Racing, chama kilichoanzishwa na Wayne Harris, ambaye mwenyewe alikuwa mshindani. Katika mashindano ya aina hii maikrofoni maalumu huwekwa ndani ya gari, milango na vioo hufungwa, na mshiriki hupewa muda mfupi wa kufikisha sauti ya juu kabisa awezayo. Magari ya daraja la juu yamepita desibeli 180. Hayo si magari ya kumpeleka mtu sokoni. Hutiwa zege mwilini, vioo vyake ni vinene kupita kiasi, milango hukazwa kwa bolti, na hakuna binadamu anayeruhusiwa kukaa ndani wakati wa kipimo.

Kwa sababu hiyo vyama hivyo vililazimika mapema kutenganisha gari la kawaida na gari lililogeuzwa kuwa boksi la spika. Bila kutenganisha, mwenye gari la kila siku asingekuwa na sababu ya kulipa kiingilio.

Bei ya gari haitoshi

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake kuhusu kupanga magari kwa haki. Mashindano ya magari ya Coronation Safari yalipoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, madaraja yake yalipangwa kwa bei ya gari dukani, si kwa ujazo wa injini. Wazo lilikuwa la busara kwa wakati ule. Mnunuzi wa kawaida alitaka kujua ni gari lipi, kwa fedha alizonazo, litakalostahimili tope na mawe ya nchi hizi, na daraja la bei lilimjibu moja kwa moja. Baadaye, mashindano hayo yalipoingia katika kalenda ya kimataifa, kanuni za ujazo wa injini zikachukua nafasi.

Katika sauti, bei ya gari ni kipimo kibovu. Gari kuukuu lililonunuliwa kwa fedha kidogo laweza kubeba amplifaya na betri zenye thamani kubwa kuliko gari lenyewe. Na gari jipya la kifahari laweza kuwa na spika za kiwandani tu. Bei ya vifaa nayo haisaidii, kwa sababu risiti huandikwa na yeyote, na fundi mzuri wa kutengeneza boksi la mbao humshinda tajiri aliyenunua vifaa ghali na kuvifunga vibaya. Ustadi huo wa fundi ndio unaopaswa kushindana. Daraja likiuadhibu, mashindano yamepoteza maana.

Kipimo cha pili kinachopendwa ni wati zilizoandikwa kwenye boksi la amplifaya. Hapa ndipo udanganyifu ulipo mwingi. Amplifaya yenye maandishi makubwa ya wati 3,000 mara nyingi hubeba fyuzi mbili za ampea 30. Ampea 60 zikizidishwa kwa volti 14 ni wati 840 zinazoingia, na zinazotoka kwenda kwenye spika haziwezi kuzidi hapo kwa muda mrefu. Kumpeleka mwenye amplifaya hiyo katika daraja la wati 3,000, eti kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa, ni kumwonea kwa sababu ya uongo wa muuzaji.

Kipimo cha tatu, idadi ya sabufa, kinaonekana cha haki na ndicho kinachotumiwa zaidi na wanaoanza. Nacho kina kasoro. Sauti ya besi hutegemea eneo la koni linalosukuma hewa, na eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Kwa hesabu ya haraka, kipenyo kwa inchi kikizidishwa kwa chenyewe, sabufa ya inchi 8 ina alama 64, ya inchi 10 ina 100, ya inchi 12 ina 144, ya inchi 15 ina 225 na ya inchi 18 ina 324. Hivyo mwenye sabufa moja ya inchi 18 anamzidi mwenye mbili za inchi 12, ambazo jumla yake ni 288. Daraja la "sabufa moja" lingemweka huyu wa inchi 18 pamoja na kijana mwenye sabufa ya inchi 10 chini ya kiti. Huko si kushindana.

Vitu vitatu vya kuweka mezani

Njia inayokaribia haki ni kuhesabu mambo matatu kwa pamoja: eneo la koni, umeme unaoingia, na namna vifaa vilivyofungwa.

Eneo la koni ni rahisi. Mkaguzi anahitaji futi kamba na kalamu. Mwandaaji anaweza kuweka, kwa mfano, daraja la alama zisizozidi 150, la pili zisizozidi 325, la tatu zisizozidi 650, na la wazi kwa waliobaki. Katika daraja la kwanza ataingia mwenye sabufa moja ya inchi 12 au mbili za inchi 8. Katika la pili watakutana mwenye mbili za inchi 12, mwenye tatu za inchi 10 na mwenye moja ya inchi 18, na hakuna atakayekuwa na faida kubwa ya kuzaliwa nayo.

Umeme unahitaji uangalifu zaidi. Fyuzi kuu iliyo karibu na betri ni mwanzo mzuri, kwa kuwa inaonekana na haiwezi kusemewa uongo. Lakini fyuzi haikatiki papo hapo. Kwa sekunde chache inaweza kupitisha umeme mwingi kuliko ulioandikwa juu yake, na sekunde chache ndizo zote anazohitaji mshindani. Kwa hiyo, penye ubishi, itumike mita ya mafundi umeme inayobana waya bila kuukata, huku mtu wa pili akisoma volti za betri. Volti nazo si jambo dogo: amplifaya inayotoa nguvu kwa mraba wa volti, ikitoka volti 12 hadi 14.4, huongezewa nguvu kwa asilimia 44, sawa na desibeli 1.6. Mshindani anayeruhusiwa kuacha injini ikiunguruma, altaneta ikichaji, hayupo sawa na aliyeambiwa azime. Iamuliwe kabla: wote wawashe au wote wazime. Betri ya ziada nayo ihesabiwe, na zile za volti 16 ziende daraja la wazi bila mjadala.

Namna ya ufungaji ndiyo inayogawa watu zaidi. Gari ambalo viti vyake vyote vipo, dashibodi ipo, na sabufa zimekaa kwenye buti au chini ya usawa wa vioo, ni gari la barabarani. Gari lililojengewa ukuta wa spika nyuma ya viti vya mbele limepunguza chumba chake na kuelekeza nguvu yote kwenye kioo cha mbele, mahali ambapo maikrofoni huwekwa. Ukuta huo ni kazi halali ya ufundi, lakini usipewe gari la barabarani kama mpinzani. Mstari huu ukichorwa vizuri, ukubwa wa gari unapoteza umuhimu kwa kiasi kikubwa. Wimbi la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, kuliko urefu wa gari dogo lolote, na ndani ya chumba kifupi kiasi hicho besi hupanda yenyewe. Mwenye Vitz hana haja ya kuonewa huruma.

Gari za matangazo

Kwa mji kama Tabora, kanuni za Marekani zinaacha pengo moja kubwa. Zimeandikwa kwa ajili ya magari yaliyofungwa, ilhali sehemu ya magari yenye sauti kubwa katika miji yetu ni pikapu na Bajaji zilizo wazi, zenye honi na spika zinazotazama nje. Kuweka maikrofoni ndani ya kebini ya pikapu hiyo ni kupima kitu ambacho mwenyewe hakukusudia kukitengeneza. Magari haya yanahitaji shindano lake, nje, kwa umbali uliopimwa.

Nje, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Gari linalosomeka desibeli 110 kwa mita 1 litasomeka karibu 104 kwa mita 2, 98 kwa mita 4 na 92 kwa mita 8. Kosa la nusu mita tu, gari likisimama mita 3.5 badala ya 4, linampa mshindani zaidi ya desibeli 1 ya bure. Mstari wa chokaa ardhini na kijiti cha kushikilia maikrofoni kwa kimo kimoja vinatosha kuondoa ugomvi huo. Ukuta ulio karibu nao hurudisha sauti, hivyo katikati ya uwanja ni bora kuliko pembezoni. Honi na sabufa pia visichanganywe, kwani honi hutengenezwa ili maneno yasikike mbali, wala si kwa ajili ya besi.

Kipima sauti chenyewe kinaweza kuharibu kila kitu. Vipima vingi, pamoja na programu za simu, huwekwa kwenye mizani ya herufi A inayoiga sikio, na mizani hiyo hupunguza mtetemo wa 50 kwa sekunde kwa takriban desibeli 30. Mwenye besi nzito atashangaa kuona ameshindwa na mwenye spika za sauti nyembamba. Kwa besi, mizani ya C au isiyo na kichujio ndiyo inayofaa, na simu isitumike kabisa, kwa sababu maikrofoni yake hujaa mapema na haijasahihishwa kwa kifaa chochote.

Wapo watakaouliza kwa nini makofi ya watazamaji yasitumike. Kwa ndugu na majirani wa Wanyamwezi upande wa kaskazini, Wasukuma, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa namna hiyo kwa miongo mingi: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na umati unaohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine ndio hakimu. Utaratibu huo unafaa ngoma, ambako kumvuta mtazamaji ndiyo kazi yenyewe, na wachezaji hawaoni aibu kutafuta hata dawa za mvuto. Kwa sauti ya gari, umati humpa ushindi mwenye wimbo unaopendwa.

Madaraja yasiwe mengi mno

Mwandaaji anayejali haki anaweza pia kuikosa kwa kuizidisha. Magari 20 yakigawanywa katika madaraja 12, karibu kila mtu atarudi nyumbani na kombe, na hakuna atakayeamini kwamba ameshinda. Daraja lenye washiriki chini ya watatu linafaa kuunganishwa na lililo juu yake, na jambo hilo liandikwe kwenye fomu ya kujiandikisha, si kutangazwa jioni wakati watu wameshachoka. Mwenye kutaka kupanda daraja kwa hiari aruhusiwe. Kushuka, hapana.

Ipo njia nyingine iliyobuniwa na dB Drag Racing, inayoitwa Bass Race, ambayo haihitaji ukaguzi mwingi. Kila daraja lina dari yake ya desibeli, kwa mfano 139.9, na mshiriki hutafuta kuikaribia bila kuipita. Anayeipita hupoteza. Mwenye vifaa vingi hana faida ya moja kwa moja, na mwenye vichache anaweza kushinda kwa kulijua gari lake vizuri. Kwa shindano la kwanza katika mji usio na wakaguzi wenye uzoefu, huenda hii ndiyo njia yenye ugomvi mdogo zaidi, ingawa wapenda vishindo wataiona baridi.

Ukaguzi ufanyike mara mbili: kabla ya kipimo, na tena kwa washindi, boksi likiwa wazi. Mkaguzi asiwe fundi aliyefunga vifaa vya mmoja wa washiriki, sharti gumu katika mji ambao mafundi wa redio za magari wanafahamiana wote. Fundi wa kutoka Nzega au Kigoma anaweza kualikwa kwa nauli tu.

Kisha masikio. Kiwango kinachotambuliwa sana katika afya ya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda salama kwa nusu; kwenye desibeli 100 umebaki muda wa dakika 15 tu. Kwa hiyo anayebaki kwenye gari wakati wa kipimo avae vizibo na vifuniko vya masikio pamoja, na katika madaraja ya juu gari liwashwe kutoka nje. Watoto wakae mbali. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, na mwandaaji anapaswa kuzungumza na manispaa na polisi kabla ya kubandika tangazo la kwanza. Uwanja ulio kando ya hospitali, shule au nyumba ya ibada usifikiriwe.

Jambo la mwisho linahusu wale watakaotaka kulinganisha namba zao na za Dar es Salaam. Tabora ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Gari lililofungwa, likiwa na vifaa vilevile na betri ileile, kinadharia litasomeka karibu desibeli 1 chini ya lilivyosomeka pwani. Ubao wa matokeo uandike, mbele ya kila jina, daraja, alama za koni, ampea na desibeli, na juu kabisa jina la mji na mwinuko wake.